Uchimbaji wa mchanga na mawe mkoani Dar es Salaam

Uchimbaji wa mchanga na mawe mkoani Dar es Salaam ni shughuli ya kutoa mchanga, kokoto, mawe ya chokaa, moramu na udongo wa mfinyanzi kwa ajili ya ujenzi wa jiji hilo la Tanzania. Hufanyika hasa katika maeneo ya pembezoni ya Kinondoni, Ubungo, Ilala, Temeke na Kigamboni. Madini haya hayana thamani kubwa kwa kilo kama dhahabu au tanzanaiti, lakini huchimbwa kwa wingi mno na karibu kabisa na makazi ya watu. Kwa sababu hiyo athari zake kwa mito, fukwe, madaraja na nyumba huonekana upesi.

Jiolojia na maeneo

Ukanda wa pwani wa Dar es Salaam umefanywa na miamba ya chokaa iliyotokana na matumbawe ya kale, pamoja na tabaka za mchanga na mfinyanzi. Mawe ya matumbawe yanapatikana upande wa kaskazini, hasa Kunduchi, Wazo na Boko. Upande wa magharibi kuna vilima vya Pugu vyenye mchanga na kaolini, yaani udongo mweupe unaotumika kutengeneza vyombo vya kauri.

Mchanga wa ujenzi hutolewa katika mito ya msimu na kingo zake. Katika upande wa Kinondoni na Ubungo mito hiyo ni pamoja na Mbezi, Tegeta na Mpiji, ambao ni mpaka na Bagamoyo. Mto Msimbazi hutoka upande wa Pugu na kupita Jangwani kabla ya kuingia Bahari Hindi. Upande wa Temeke na Kigamboni mchanga huchimbwa pia katika mashamba na viwanja vya nchi kavu, mbali na mito.

Historia

Wakazi wa pwani wamejenga kwa mawe ya matumbawe kwa karne nyingi. Magofu ya Kunduchi, yenye msikiti na makaburi ya nguzo, ni mfano wa ujenzi huo. Mawe yalikatwa, na mengine yalichomwa juu ya rundo la magogo ili kupata chokaa ya kuunganishia kuta.

Uchimbaji wa kiwanda ulianza baada ya uhuru. Mwaka 1966 kiwanda cha kwanza cha saruji nchini kilianza uzalishaji katika kilima cha Wazo, kaskazini mwa jiji, mahali penye mawe ya chokaa. Kiwanda hicho kinajulikana kwa jina la Twiga, na kimekuwa sehemu ya kundi la makampuni la Heidelberg Materials la Ujerumani.

Mahitaji yaliongezeka pamoja na watu. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu wakazi 4,364,541 mkoani, na ile ya mwaka 2022 ilihesabu 5,383,728. Nyumba nyingi hujengwa na wenyewe kidogo kidogo, kwa matofali ya saruji na mchanga. Tofali moja la aina hiyo ni mchanga kwa sehemu kubwa, na saruji ni kiungo tu.

Namna ya uchimbaji na ajira

Kuna uchimbaji wa aina mbili. Wa kwanza ni wa kampuni zenye leseni, unaotumia baruti, mitambo na mashine za kusaga mawe. Wa pili ni wa wachimbaji wadogo wanaotumia sururu, nyundo na koleo. Katika machimbo ya Kunduchi watu wengi, wakiwemo wanawake, wamepata riziki kwa kuponda mawe kwa mkono ili kupata kokoto. Mitoni vijana huchimba mchanga na kuupakia katika malori, wakilipwa kwa kadiri ya mzigo.

Kazi hii haihitaji mtaji mkubwa wala cheti cha shule, na malipo hupatikana siku hiyohiyo. Ndiyo sababu marufuku peke yake haiimalizi: mahali pamoja pakifungwa, wachimbaji na malori huhamia kwingine.

Athari kwa mito

Mto hubeba maji na mchanga kwa pamoja. Mchanga ukiondolewa, maji hubaki na nguvu ya kubeba bila kuwa na mzigo, nayo huanza kula sakafu na kingo za mto ili kupata mzigo mpya. Sakafu ya mto hushuka, kingo hubomoka na mto hupanuka. Shimo lililochimbwa mahali pamoja linaweza kusogea kuelekea juu ya mto kila mvua inaponyesha, hata kufikia daraja lililo mbali na machimbo. Nguzo za daraja zikifukuliwa misingi yake, daraja linaweza kuanguka.

Wanaoumia mara nyingi si wale waliochimba. Mwenye nyumba ya kando ya mto hupoteza uwanja wake, kisha choo, kisha chumba, ingawa hajauza hata ndoo moja ya mchanga.

Udongo unaomomonyoka juu ya mto hutua chini yake. Katika bonde la Msimbazi mchanga na tope hujaza mkondo maeneo ya Jangwani na kuzidisha mafuriko, ingawa mafuriko hayo yana sababu nyingine pia, kama vile taka na ujenzi ndani ya bonde. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na baadhi ya waathirika walihamishiwa Mabwepande, Kinondoni.

Athari kwa pwani

Mchanga wa mito ndio unaolisha fukwe. Upepo wa kusi huusukuma kando ya pwani kuelekea kaskazini, na upepo wa kaskazi huurudisha kusini. Ufuko hudumu pale tu ambapo mchanga unaoingia unatosha kufidia ule unaoondoka.

Katika eneo la Kunduchi ufuko umekuwa ukiliwa na bahari kwa miongo kadhaa, na baadhi ya hoteli zilijenga vizuizi vya mawe ili kushika mchanga. Kizuizi cha namna hiyo hushika mchanga upande mmoja na kuunyima upande wa pili, hivyo tatizo huhamia kwa jirani. Uchimbaji wa mchanga mitoni ni moja ya sababu zinazotajwa za hali hiyo. Nyingine ni mawimbi, kupanda kwa usawa wa bahari na kuharibiwa kwa matumbawe hai yanayovunja nguvu ya mawimbi, hasa kwa uvuvi wa baruti. Visiwa vya Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini vilitangazwa kuwa hifadhi za bahari mwaka 1975.

Mashimo yaliyoachwa

Shimo lisilofukiwa hujaa maji wakati wa masika. Huwa mazalia ya mbu, na ni hatari kwa watoto wanaokwenda kuogelea. Likigeuzwa jalala, maji machafu ya taka hupenya kwa urahisi kwenye mchanga na kufikia maji ya chini ya ardhi. Hili ni jambo zito katika mitaa ambayo wakazi wake hutegemea visima.

Sheria

Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inahesabu mchanga, mawe na kokoto kuwa madini ya ujenzi, na anayeyachimba kwa biashara anahitaji leseni. Leseni hutolewa na Tume ya Madini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufuko wa bahari. Usimamizi wake uko chini ya Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC), lililoundwa mara ya kwanza mwaka 1983.

Migodi mikubwa hutakiwa kuweka dhamana ya fedha kwa ajili ya kukarabati ardhi. Mchimbaji mdogo hutakiwa kuwa na mpango wa kulinda mazingira. Tofauti hiyo ina uzito: mpango bila fedha zilizotengwa mapema haufukii shimo baada ya mchimbaji kuondoka. Asiye na leseni hana hata huo mpango.

Ulinganisho na Ulaya

Nchi za Ulaya zilipita katika matatizo yaleyale. Nchini Italia uchimbaji mkubwa wa mchanga katika mto Po katika karne ya 20 ulishusha sakafu ya mto huo. Ufaransa ilipiga marufuku mwaka 1994 uchimbaji katika mkondo wenyewe wa mito. Uingereza inatoza tangu mwaka 2002 kodi maalumu kwa kila tani ya mchanga, kokoto na mawe mapya, ili kifusi cha majengo yaliyobomolewa kiweze kushindana sokoni.

Baada ya mabwawa ya mabaki ya migodi kupasuka huko Aznalcóllar, Hispania (1998) na Baia Mare, Romania (2000), Umoja wa Ulaya ulitoa mwaka 2006 maagizo kuhusu taka za uchimbaji. Chini ya maagizo hayo, dhamana ya fedha kwa ajili ya vituo vikubwa vya taka hizo hutakiwa kabla ya kazi kuanza.

Ukarabati wa machimbo

Mfano maarufu katika pwani ya Waswahili uko Bamburi, karibu na Mombasa, Kenya. Kiwanda cha saruji cha huko kilikuwa kimeacha uwanda wa mawe matupu ya matumbawe, bila udongo wala kivuli. Kuanzia mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alijaribu kupanda miti ya aina mbalimbali. Mivinje ilistahimili. Majani yake yaliyoanguka yaliliwa na jongoo walioletwa kwa kazi hiyo, na mabaki yake yakawa udongo. Baadaye miti mingine, samaki na wanyama waliongezwa, na leo mahali hapo ni bustani inayoitwa Haller Park.

Njia hiyo inafaa kwa machimbo ya mawe yenye mmiliki mmoja wa kudumu. Haiwezi kutumika vilevile kwa mto, kwa kuwa mto haurudishiwi mchanga wake kwa kupandwa miti katika shimo. Kwa mito hatua zinazowezekana ni kuchagua maeneo ambako mchanga umezidi, kuweka kikomo cha kina na kiasi, na kukataza uchimbaji karibu na madaraja. Aidha mchanga wa mto unaweza kupunguzwa katika ujenzi kwa kutumia mchanga wa mawe yaliyosagwa na kifusi cha majengo yaliyobomolewa.