Pampu ya dizeli ikifa mara ya pili, usinunue ya tatu kabla hujafungua tenki

Leo naongea na wewe mwenye pikapu au Land Cruiser ya dizeli, ile unayoitegemea itoe mzigo shambani na kuufikisha sokoni. Kama fundi ameshakwambia "pampu imekufa" zaidi ya mara moja ndani ya mwaka, soma mpaka mwisho. Kuna laki kadhaa zako humu.

Mimi nanunua mahindi na maharage huku Maposeni, jirani na Peramiho, napeleka Songea mjini. Lami ya kwenda Mbinga imetusaidia sana, ila mahindi hayaoti kwenye lami. Yako ndani, kwenye njia za udongo na vilima. Mvua zikianza Novemba mpaka Aprili, gari isiyovuta tairi zote nne huko haitoki. Ndiyo maana nina pikapu ya dizeli, niliyoinunua mkononi mwa mtu.

Msimu uliopita pikapu hiyo ilisimama mara tatu, na mara zote tatu niliambiwa ugonjwa ni ule ule: pampu. Daftari langu linasema hivi:

Mara ya kwanza: matengenezo ya pampu 450,000, kuvuta gari 120,000, siku 4 bila kazi.
Mara ya pili: pampu ya mtumba 850,000, kuvuta gari 120,000, siku 6 bila kazi.

Hapo ni 1,540,000 mkononi mwa mafundi na mvutaji. Kwa siku ya safari mimi nabaki na kama 60,000 baada ya kutoa mafuta, dereva na wapakizi. Siku 10 ni 600,000 nyingine. Jumla 2,140,000. Huo ni mtaji wa mtu kabisa, umemezwa na kifaa kinachobebeka kwa mikono miwili.

Na hapo sijahesabu wateja. Kuna shule ya bweni mjini ninayoipelekea maharage. Gari iliposimama mara ya pili, mtunza stoo aliniambia kwenye simu, "Dada, wanafunzi hawali maelezo." Mzigo nikauhamishia kwenye Canter ya kukodi, faida yote ikaishia kwenye kodi. Ikitokea tena, alisema, watatafuta mtu mwingine.

Ikatokea tena. Wiki saba tu baadaye gari ikakosa nguvu kilimani, ikakata moto. Fundi akasikiliza, akasema pampu ya mtumba nayo imekwisha, nitafute 850,000 nyingine.

Swali lililookoa pesa

Hapo nikampelekea gari mzee mmoja mjini anayeshughulika na dizeli tu. Nikamsalimia shikamoo, nikamweleza yote, nikamuuliza, "Mzee, pampu mbili ndani ya msimu mmoja. Kinachoziua ni nini?"

Akacheka kidogo. "Mwanangu, hilo swali wateja hawaniulizi. Wanauliza bei tu."

Kisha akauliza kama ile pampu ya kwanza ilipofunguliwa niliona ndani. Nikamwambia ndiyo, vyuma vilikuwa na kutu. Akasema, "Kutu haizaliwi ndani ya pampu. Inaletwa."

Hili ni jambo la kulielewa vizuri. Pampu nyingi za hizi gari zetu ndogo, kama Hilux yenye injini ya 3L au 5L na Land Cruiser yenye 1HZ, hazina oili yake ya kujilainishia. Zinalainishwa na dizeli inayopita ndani yake. Dizeli ikiwa na maji, vyuma vinasagana vikavu na kushika kutu. Ikiwa na mchanga, vinakwanguana. Ikiwa imechanganywa na mafuta ya taa, ule ulaini unapungua. Kwa hiyo pampu inaumia kutokana na kile inachonyweshwa, na ukibadilisha pampu peke yake umempa mgonjwa mpya maji yale yale machafu.

Gari za kisasa zaidi, zenye mfumo wa komoni reli kama zile za D-4D, ndizo hazisamehe kabisa. Tairi lako lina upepo wa psi 30 na ushee. Mfumo ule unasukuma dizeli kwa psi 20,000 na zaidi, na nafasi kati ya chuma na chuma ni ndogo sana kuliko unene wa unywele. Punje ya vumbi usiyoiona kwa macho inatosha kuharibu.

Jaribio la dumu

Mzee hakugusa pampu. Alichukua dumu safi, akaweka dizeli safi, akalifunga kwa kamba bodini. Akachomoa mpira unaotoka kwenye tenki pale unapoingia kwenye filta, akaunganisha mpira wa dumu. Ule mpira wa kurudisha mafuta nao akauelekeza kwenye dumu. Akatoa hewa kwa kile kipampu cha mkono juu ya filta, akawasha, tukapanda nayo mlima.

Gari ilivuta vizuri tu. Pampu "iliyokufa" ilikuwa hai.

Maana yake ni hii: gari ikiwa nzima kwenye dumu, ugonjwa uko kati ya tenki na filta. Ikisumbua vile vile, badilisha filta ujaribu tena. Ikikataa hata hapo, ndipo uanze kuishuku pampu yenyewe, umeme wake au nozo.

Angalizo mawili. Dumu lisikae juu kuliko injini, maana mafuta yakiteremka yenyewe yataficha udhaifu wa pampu. Na kama gari yako ni ya komoni reli, kazi hiyo mwachie fundi anayeijua. Usifungue bomba la presha injini ikiwa inawaka, dizeli ile inatoboa ngozi. Sigara na moto viwe mbali kwa gari yoyote ile.

Tulichokikuta

Tenki likashushwa. Aliyekuwa na gari kabla yangu alishalichomelea, na ndani lilikuwa na magamba ya kutu, tope, na maji chini. Chujio la mdomo wa bomba lilikuwa limechanika. Halafu kulikuwa na mpira mmoja wenye ufa mdogo karibu na klempu.

Huo ufa ulinifundisha kitu. Nilidhani mpira ukipasuka utaona mafuta yanadondoka. Lakini pampu hizi zinavuta mafuta kutoka kwenye tenki, kwa hiyo mpira wenye ufa unaweza usidondoshe hata tone. Unaingiza hewa ndani. Gari inasumbua kuwaka asubuhi, chini huoni hata alama ya kuvuja.

Gharama yake: kushusha na kusafisha tenki 80,000, mipira na klempu 45,000, chujio la kutenganisha maji 150,000, filta mpya 35,000. Jumla 310,000, badala ya zile 850,000. Pampu ni ile ile ya mtumba. Mzee alisema imeumia kidogo ila bado ina maisha. Imemaliza msimu, imemaliza na masika, na shule bado wanakula maharage yangu.

Sikiliza gari yako inasema nini

Kabla hujakubali neno "pampu", linganisha dalili na hizi:

1. Asubuhi haiwaki mpaka upige kipampu cha mkono. Shuku hewa: mipira, klempu, filta isiyokaza.

2. Inakosa nguvu kilimani, ukipumzika dakika chache inarudi, kisha inarudia tena. Shuku uchafu kwenye tenki, chujio au filta. Ukisimama uchafu unatulia, ukikimbia unaziba tena.

3. Ukifungua kifuniko cha tenki unasikia "fsss", kisha gari inapata nguvu. Kitundu cha kupumulia kimeziba. Ni ugonjwa wa bei ya soda.

4. Inazima ghafla kama umezungusha funguo. Angalia waya na kile kidude cha umeme juu ya pampu kinachofungua na kufunga mafuta, mafundi wanakiita solenoidi. Washa funguo bila kupiga starta, mtu asikilize. Inatakiwa isikike "tik".

5. Ikiwa baridi inawaka, ikipata moto haiwaki mpaka pampu ipoe. Au dizeli inavuja kwenye mwili wa pampu. Hapo ndipo pampu yenyewe inaweza kuwa imechoka kweli.

Mafuta ndiyo chakula chake

Sisi wa vijijini tunajua hali ilivyo. Sheli ziko mjini na barabara kuu, huku ndani dizeli inauzwa kwenye madumu. Siwezi kukwambia usinunue kabisa wakati mzigo unanyeshewa shambani. Nakwambia ninavyofanya mimi.

Nanunua kwenye sheli yenye magari mengi, maana mafuta yake hayalali. Nikikuta lori la mafuta linashusha, naenda sheli nyingine au nasubiri, kwa sababu uchafu wa chini ya matangi unakuwa umechafuka. Natembea na dumu langu la akiba nililojaza mjini. Ikibidi nitumie la kijijini, naliacha litulie usiku kucha, namimina la juu taratibu, na lita ya mwisho haiingii kwenye gari. Kitambaa chenye nyuzi sichujii, nyuzi zenyewe zinaziba.

Ukiwa na wasiwasi, weka dizeli kwenye chupa nyeupe ilale hadi asubuhi. Maji ni mazito kuliko dizeli, utayaona chini.

Jioni najaza tenki, hasa wakati wa mvua na ile baridi yetu ya Juni na Julai. Tenki lenye nafasi tupu linatoa jasho ndani usiku, na jasho hilo ni maji. Najua pesa ya kujaza haipo kila siku, ila tenki lisilale karibu na tupu.

Kuhusu kuchakachua, tatizo hilo lina historia. Mwaka 2011 Serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili yasiendelee kuchanganywa na dizeli, na mafuta yanayouzwa nchini huwekewa vinasaba ili yapimwe. Wewe dai risiti ya EFD kila unapojaza. Bila risiti, huna pa kuanzia ukitaka kupeleka malalamiko EWURA.

Maswali manne ya kumuuliza fundi

1. Kilichoiua pampu ni nini? Akikosa jibu, hujapata tiba.
2. Umejaribu kwa dumu?
3. Baada ya matengenezo pampu itapimwa kwenye mashine, na naweza kuwepo?
4. Utaniandikia risiti yenye tarehe, ulichobadilisha, na muda wa kurudisha ikisumbua?

Uliza kwa heshima. "Fundi, naomba unielekeze" inafungua mlango ambao "unaniibia" inaufunga. Na vifaa vya zamani omba uviondoke navyo.

Mahesabu ya mwenye gari moja

Kila safari naweka pembeni 5,000 kabla sijagawa faida. Kwa safari 25 za mwezi ni 125,000. Hiyo ni pesa ya gari, wala haiingii kwenye mahindi. Kila kilomita 5,000, siku ya kumwaga oili, filta ya dizeli inabadilishwa. Kila Jumatatu dereva anafungua kikoki cha chini ya filta kutoa maji. Taa ya filta ikiwaka kwenye dashibodi, anasimama na kutoa maji hapo hapo, hasubiri kufika.

La mwisho, tumekubaliana na mwenzangu mwenye gari kama yangu: gari ya mmoja ikisimama, mwingine anaubeba mzigo kwa gharama ya mafuta na dereva. Mteja hajui, na hahitaji kujua. Tafuta mwenzako wa hivyo leo, gari zikiwa nzima, maana siku gari imesimama kilimani na gunia 20 mgongoni kila mtu atakutajia bei ya shida.

Mwonyeshe na dereva wako andiko hili, yeye ndiye anayeisikia gari kabla yako. Na kama kwako pampu ilisumbua, ikaja kuonekana kumbe ni kitu kingine kabisa, tuambie kilikuwa nini. Kuna mwenzetu njiani sasa hivi amefungua boneti, anaambiwa atafute laki nane.