Ufa wa Mwamba Ukivunjwa, Kobe Bapa Hana Makao

Wakazi wa Nguni, Nuu na sehemu nyingine za Mwingi huenda wamemwona: kobe mdogo, bapa kama chapati, ambaye akishtuliwa hukimbilia kwenye mawe badala ya kujificha ndani ya gamba lake. Gamba hilo ni jembamba na laini, haliwezi kumkinga. Kinga yake ni ufa wa mwamba. Hujipenyeza humo na kujibana, na kumtoa si kazi rahisi.

Kobe huyu anapatikana Kenya, Tanzania na sehemu ndogo ya Zambia pekee. Shirika la IUCN limemweka katika daraja la wanyama walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Mwaka wa 2019, nchi wanachama wa mkataba wa CITES zilipiga marufuku biashara ya kimataifa ya kobe hawa wanaotolewa porini, kwa kuwa wengi walikuwa wakiuzwa ng'ambo wakafugwe majumbani.

Anayemwinda kwa ajili ya kuuza hufanya hasara mara mbili. Humchukua kobe, kisha huacha ufa umebomolewa kwa mtaimbo. Kobe bapa hachimbi shimo, na si kila ufa unamfaa; sharti uwe mwembamba na wenye kina. Mwamba uliopasuliwa leo hautajirudi. Jike naye kwa kawaida hutaga yai moja tu kwa wakati, na yai hilo huchukua miezi kadhaa kuanguliwa.

Lakini tusiwalaumu walanguzi peke yao. Sisi wenyewe tunapasua mawe kupata kokoto, tunakata miti ya makaa na kuchoma vichaka ili shamba lifike hadi chini ya mwamba. Kobe hukosa majani ya kula, na akitaka kuhamia mwamba mwingine hupita mahali peupe.

Unapolima karibu na miamba, acha vichaka vinavyoizunguka. Kabla ya kupasua jiwe, chungulia nyufa zake. Ukimkuta kobe, liache jiwe hilo. Usimbebe nyumbani watoto wacheze naye, hata kwa nia njema: kumfuga bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2013. Ukiona watu wakibomoa nyufa au wakinunua kobe, mjulishe chifu au ofisi ya KWS iliyo karibu nawe.