Mbuni Uliozaliwa Ruiru

Mtu asikiapo habari za uvumbuzi, mara nyingi huwaza mashine: eropleni, simu, au mtambo wa umeme. Lakini mmoja wa uvumbuzi wenye faida kubwa katika Kenya hauna gurudumu wala waya. Ni mti mfupi wenye majani mengi, nao ulizaliwa Ruiru, katika nchi ya mashamba ya kahawa inayoelekea Thika na mto Chania. Jina lake ni Ruiru 11, na kila mkulima wa kahawa, hata mwenye ekari moja tu, ana sababu ya kujua jinsi ulivyopatikana.

Habari hii inaanza na hasara. Mwaka 1922 ugonjwa mpya ulionekana katika mibuni ya magharibi ya Kenya. Ugonjwa huo, uitwao chulebuni, huletwa na ukungu usioonekana kwa macho, nao hustawi palipo na mvua na baridi. Huanza kama doa jeusi lililobonyea katika tunda changa. Doa hupanuka, kisha tunda huoza na kuanguka, au hukauka likabaki tawini, jeusi kama mkaa. Katika mwaka wa mvua nyingi, shamba lisilotiwa dawa laweza kupoteza hata asilimia 80 ya mavuno yake.

Wakulima walijikinga kwa kunyunyiza dawa, hasa zile za shaba. Dawa husaidia, lakini mvua huziosha, na haina budi kuzirudia mara kwa mara. Gharama ya kazi hiyo imekadiriwa kufika asilimia 30 ya matumizi yote ya shamba. Mwenye shamba kubwa aliweza kuimudu. Lakini baada ya mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, Waafrika wengi wa nyanda za juu walipanda mibuni katika vishamba vidogo. Kwa watu hao, fedha ya dawa ndiyo iliyokuwa karo ya mtoto.

Mwaka 1971 wataalamu wa kituo cha utafiti wa kahawa cha Ruiru walianza kazi ya namna nyingine. Badala ya kutafuta dawa kali zaidi, walitaka kupata mbuni ambao wenyewe ungeushinda ugonjwa. Miongoni mwao walikuwa Herbert van der Vossen, mtaalamu kutoka Uholanzi, na D. J. Walyaro wa Kenya.

Kazi hiyo ilikuwa ngumu, maana mibuni yenye kahawa tamu ilikuwa dhaifu, na ile yenye nguvu ilikuwa na kasoro nyingine. SL28 na SL34, zilizochaguliwa Kabete katika miaka ya 1930, zilisifiwa na wanunuzi wa dunia nzima, lakini chulebuni iliziangamiza. Nguvu ilipatikana kwingine: katika mbuni uitwao Rume Sudan, wa uwanda wa Boma katika Sudan Kusini, katika mbuni wa kisiwa cha Timor, uliotokana na arabika na robusta kuchanganyika bila mkono wa mtu, na kwa kiasi fulani katika K7, mbuni wa Kenya yenyewe. Wataalamu walifanya kama mfugaji mwenye ng'ombe wa maziwa mengi asiyestahimili maradhi, amtafutiaye dume la ukoo wenye nguvu.

Ua la arabika hujichavusha lenyewe. Kwa hiyo ilibidi kuyashika maua kabla hayajafunguka, kuondoa sehemu zake za kiume kwa mkono, kuyafunika kwa mfuko, na kuyapaka chavua ya mbuni uliochaguliwa. Tena mbuni huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa, na kungoja matunda ya kila mche ili kuona kama yataoza kungemaliza maisha ya mtu. Wataalamu waligundua kwamba ugonjwa waweza kupimwa katika miche michanga ya majuma sita tu. Waliitia ukungu makusudi, iliyo dhaifu ikafa, na iliyosalia ikaendelezwa.

Mwaka 1985 Ruiru 11 ilitolewa kwa wakulima. Mama yake ni Catimor, mbuni mfupi wenye damu ya Timor, na upande wa baba una damu ya SL28, Rume Sudan na mingineyo. Hustahimili chulebuni na kutu ya majani pia. Kwa kuwa ni mfupi, ekari moja hupandwa miti kama 1,000, ambapo mibuni ya zamani ni kama 540.

Hata hivyo hakuna uvumbuzi usio na upungufu. Wako wanunuzi waliosema kwamba ladha yake haifikii ile ya SL28. Tena Ruiru 11 ni chotara: mkulima akipanda mbegu alizochuma katika mti wake, watoto hawatafanana na mama, na nguvu yaweza kupotea. Mbegu zake hutengenezwa kwa mkono, na kwa sababu hiyo miche ilikuwa haba kwa muda mrefu. Wengi wamefaidika kwa kupandikiza Ruiru 11 juu ya mashina ya SL28, ambayo mizizi yake huenda chini sana na kustahimili ukame.

Kazi haikusimama hapo. Mwaka 2010 kituo kilitoa Batian, ulioitwa kwa jina la kilele kirefu kuliko vyote cha Mlima Kenya. Huu ni mrefu, buni zake ni kubwa, hustahimili magonjwa yale yale mawili, na mbegu zake huzaa miti inayofanana na mama.

Mkulima na akumbuke mambo mawili. Kwanza, mti unaoshinda ugonjwa haushindi uvivu: bado wataka samadi, kupogolewa na kulindwa na wadudu. Pili, miche inunuliwe mahali panapoaminika, kwa maana mche wa uongo hautambulikani siku ya kuupanda. Hutambulikana baada ya miaka mitatu, mvua inyeshapo na matunda kuanza kuwa meusi.