Norton Commando: Kasi iliyozaa hasara

MNUNUZI anayewinda pikipiki kuukuu aina ya Norton Commando aulize kwanza habari za beringi. Rangi na bei baadaye. Mwaka 1972 kiwanda hicho cha Uingereza kilitoa injini ya Combat, ya silinda mbili na ukubwa wa karibu sisi 750. Mgandamizo ulipandishwa hadi 10 kwa 1, kamshafti ikawa kali zaidi, kabureta zikawa za milimita 32. Nguvu zilizotangazwa zilikuwa farasi 65.

Lakini kranki ilibaki na beringi mbili tu. Ikizungushwa kwa kasi ilipinda kidogo, kingo za roli zikachimba njia zake na beringi zikafa. Pistoni nazo zilipasuka. Pikipiki zilirudishwa zingali na dhamana, na gharama ikaiangukia kampuni.

Dawa ilikuwa beringi zenye roli za kingo za mviringo, maarufu kwa jina la Superblend, pamoja na kupunguza mgandamizo. Hivyo muuzaji anayejisifu kuwa yake ni Combat halisi atoe stakabadhi ya fundi aliyebadilisha beringi. Akikosa, mnunuzi atoe kwenye bei gharama ya kufungua injini nzima.