Bima ya Wazee Iandikwe kwa Lugha ya Wazee

Wazee wetu wengi husafiri siku hizi kwenda Ulaya kuwatembelea wana na wajukuu. Nchi za Schengen humtaka aombaye viza ya muda mfupi awe na bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000. Mzee hulipa, hupata cheti na viza, akaamini kwamba amekingwa. Je, amekingwa kweli?

Mikataba mingi ya bima hii huyatenga maradhi aliyokuwa nayo mtu kabla ya kuikata. Mingine huyakubali kwa sharti kwamba yawe "yametulia". Mimi niliye mwanaisimu, neno hilo hunitia wasiwasi. Mwenye kisukari akiambiwa na daktari kwamba sukari yake imetulia, huelewa kuwa hajambo. Katika mkataba, huenda likamaanisha kwamba dawa zake hazikubadilishwa kwa miezi kadhaa kabla ya safari. Aliyeongezewa kidonge kimoja tu juzi aweza kunyimwa fidia akilazwa ugenini.

Katiba ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidi anachonunua. Basi kampuni za bima na zitoe mikataba kwa Kiswahili sanifu, kila istilahi ikifafanuliwa. Nanyi walimu na wanafunzi, wasomeeni wazee wenu mikataba hiyo kabla hawajatia sahihi, na muwahimize kutaja kila ugonjwa walio nao. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua.