Waya ule ule, hesabu nyingine

Modemu za simu za miaka ya 1990 ziliishia kilobiti 56 kwa sekunde, na lawama zote zikaangukia waya. Ilionekana jambo la wazi: nyuzi mbili za shaba zilizotandazwa kwa ajili ya mazungumzo zingebebaje picha na filamu? Lakini waya ulisingiziwa. Kikwazo kilikuwa ndani ya kituo cha simu, ambako mtambo ulikata kila kilichozidi masafa ya sauti ya mazungumzo, hezi 3,400 hivi, kisha ukaipima sauti hiyo mara 8,000 kwa sekunde na kuandika kila kipimo kwa biti 8. Zidisha, unapata biti 64,000. Modemu ya kilobiti 56 ilikuwa imeshagonga ukuta. Juu ya masafa hayo, ndani ya waya ule ule, kulikuwa na nafasi ya zaidi ya megahezi moja iliyolala bure. Mwaka 2003 kiwango cha ADSL2+ kiliruhusu hadi megabiti 24 kwa wateja waliokuwa karibu na kituo, bila kuchimba mtaro wala kugusa nguzo. Kilichoongezwa ni seti ya chipu kila upande: moja nyumbani kwa mteja, nyingine kituoni.

Siku hizi, fiba ikiwa imeshashinda, chipu hizo zinazungumziwa kama kiraka: kampuni za simu zilitaka kukwepa gharama ya kuchimba, zikanunua muda kwa hesabu za kielektroniki. Mimi nasoma historia hii tofauti. Chipu za DSL, yaani hizo za intaneti kwa waya wa simu, ndizo zilizoivuta fiba hatua kwa hatua hadi karibu na mlango, na zikailipia safari yake. Ili kuona hivyo ni lazima kwanza kuelewa zilikuwa zikifanya nini.

Wazo la awali lilitokana na swali la nani anamsumbua nani. Ndani ya kebo ya simu jozi mamia za waya hulala pamoja, na kila jozi humvujishia jirani sehemu ya mawimbi yake. Mahali pabaya zaidi ni kituoni, zinapokutana zote. Mawimbi yanayotoka pale ndiyo kwanza yana nguvu. Yanayoingia yamechoka kwa kilomita nyingi. Ni kama kujaribu kumsikia mtu anayenong'ona ng'ambo ya soko wakati muuza mitumba ananadi sikioni pako. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Joseph Lechleider, mhandisi wa Bellcore, maabara ya utafiti ya kampuni za simu huko New Jersey, aliona kwamba vurugu hiyo inapungua sana ukiacha kugawa njia nusu kwa nusu, ukaupa upande wa kwenda kwa mteja sehemu kubwa na upande wa kurudi sehemu ndogo. Herufi A ya ADSL inasimamia hilo, kutolingana kwa pande mbili. Wengi wanaamini kwamba kupakia kulibanwa kwa ubahili wa kampuni. Tabia za wateja zilizingatiwa, ni kweli, lakini fizikia ya kebo ilikuwa imeshaamua mengi kabla ya mhasibu kuitwa mezani. Na mteja aliyekusudiwa hakuwa wa intaneti hata kidogo. Kampuni za simu za Marekani zilitaka kuuza filamu za kuagizwa nyumbani zishindane na televisheni ya kebo. Biashara hiyo haikusimama, na teknolojia ikaokotwa na intaneti.

Lililobaki lilikuwa la hesabu, na hapo ndipo chipu inapoonyesha thamani yake. Waya mrefu haupitishi masafa yote kwa usawa. Ya juu hufifia haraka kuliko ya chini. John Cioffi wa Chuo Kikuu cha Stanford na kampuni yake, Amati, walitumia mbinu ya kukatakata nafasi nzima ya megahezi 1.1 kuwa toni 256, kila moja ikiwa na upana wa kilohezi 4.3125, kisha kuifanya kila toni kuwa kimodemu kidogo kinachojitegemea. Modemu inapowashwa, chipu mbili hutumiana mawimbi ya majaribio na kupima kelele iliyoko kwenye kila toni. Iliyo safi hupewa hadi biti 15 kwa kila mpigo, yenye kelele hupewa mbili tatu, mbovu kabisa huachwa. Mipigo ni 4,000 kwa sekunde. Chukua nyumba iliyo Chicago, ambako kituo cha redio cha WGN hurusha matangazo kwa kilohezi 720. Waya wa simu unaopita hewani hapo ni antena pia, upende usipende, na redio hiyo huingia ndani yake. Gawanya 720 kwa 4.3125, unaangukia toni ya 167. Modemu inayotumia wimbi moja kwa nafasi nzima ingeyumba yote. Hii hupunguza biti za toni ya 167 na majirani zake, na toni nyingine zinaendelea na kazi. Kelele ikizuka usiku kwenye toni nyingine, biti huhamishwa kimyakimya bila muunganisho kukatika.

Werevu huo haukuja bure. Toni 256 zikiongezwa pamoja, mara chache hutokea zote zikapanda kwa wakati mmoja, na volti hupaa kuliko wastani mara kadhaa. Amplifaya inayosukuma mawimbi kwenye waya lazima iwe tayari kwa dharura hiyo muda wote, kwa hiyo inakula umeme na kutoa joto hata pasipo na dharura. Kwenye meza ya mteja hilo ni kikasha cha uvuguvugu tu, lakini kituoni, ambako amplifaya mamia hupangwa kabatini, joto ndilo lililoamua wateja wangapi waingie kwenye kabati moja. Ndiyo maana mbinu ya Cioffi, iliyoshinda majaribio ya Bellcore mwaka 1993, haikushinda sokoni mara moja. Mbinu ya CAP iliyotoka AT&T ilikuwa nyepesi, chipu zake zilikuwa tayari, na kampuni za mwanzo zilinunua hizo. Kilichogeuza mambo ni bei ya hesabu, iliyoshuka kila mwaka kadiri viwanda vilivyobana transista nyingi zaidi kwenye chipu moja. Texas Instruments iliinunua Amati mwaka 1997 kwa karibu dola milioni 395. Shaba haikupata punguzo la namna hiyo, wala kibarua cha kuchimba mtaro.

Wanaoziita chipu hizi kiraka wana hoja nzito. Hesabu haiwezi kurudisha kilichopotea njiani. Waya wenye upotevu wa desibeli 60 humfikishia mteja sehemu moja tu ya milioni ya nguvu iliyotumwa, na aliye kilomita tano kutoka kituoni hubaki na kasi ya kusikitisha chipu iwe hodari namna gani. Kampuni inayopata faida kwenye shaba, wanasema, haitaona haraka ya kuwekeza kwenye fiba. Lakini tazama Japani. Mwaka 2001 SoftBank ya Masayoshi Son iliingia na Yahoo! BB, ikitoa megabiti 8 kwa bei iliyowatikisa wapinzani wake, na mamilioni ya kaya zikaunganishwa kwa waya za simu zilizokuwapo. Ingekuwa kweli kwamba shaba huchelewesha fiba, Japani ingekwama hapo. Kumbe kufikia katikati ya mwaka 2008 wateja wa fiba walikuwa wameshawazidi wa DSL. Kaya iliyozoea intaneti isiyokatika na isiyohesabiwa kwa dakika ni mteja anayejulikana alipo, na mkopo wa kuchimba mtaro hadi mtaani kwake unaombeka kwa takwimu badala ya matumaini.

Ujerumani hainipi raha hiyo, na nitakuwa mwongo nikiiruka. Mwaka 2010 kiliidhinishwa kiwango cha kufuta kelele za majirani: mtambo wa mtaani hukokotoa jinsi kila waya unavyovujia kila mwenzake, kisha hutuma mawimbi yaliyopotoshwa makusudi ili yakifika yawe yamejinyoosha. Kwenye kebo ya wateja 200 hiyo ni mahusiano 39,800 kwa kila toni, na toni ni maelfu. Hesabu hiyo inafanya kazi vizuri pale tu mtambo mmoja unapozijua nyaya zote. Mshindani akikodi jozi kadhaa na kuzifunga kwenye mtambo wake, kelele zake hazifutiki. Deutsche Telekom iliomba ipewe nafasi ya kwanza, washindani wakalalamika kwamba ukiritimba unarudi kwa mlango wa nyuma, na mdhibiti wa Ujerumani akairuhusu kwa masharti, mwaka 2013 na tena 2016. Fiba ya nchi hiyo ilibaki nyuma ya wenzao wa Ulaya kwa miaka. Sikubali kwamba chipu ndiyo iliyokosea hapo. Hata hivyo nakubali kwamba fomula ya kufuta kelele ilibeba ndani yake uamuzi wa nani amiliki waya, na walioiandika hawakuwa wamechaguliwa na mtu.

Kwa msomaji wa Nairobi au Mwanza haya yanaweza kuonekana ya mbali. Simu ya waya kwetu ilikuwa ya ofisi na nyumba chache za mjini, na shaba iliyokuwapo nyingi iliishia kwa wauza vyuma chakavu. Lakini hesabu yenyewe imetufikia kwa njia ya hewa. Kukata masafa kuwa vipande vyembamba na kukipa kila kimoja sehemu ya mzigo ndiyo kazi ya Wi-Fi na ya 4G, ambako kila kipande kina kilohezi 15. DSL haikuvumbua wazo hilo. Robert Chang wa Bell Labs alilichapisha mwaka 1966, na redio za kidijiti za Ulaya zililitumia pia. DSL ilikuwa miongoni mwa za kwanza kulifanya kitu cha kuuzwa dukani kwa mamilioni.

Ukizipanga chipu hizi kwa miaka, unaona kila kizazi kikila waya. ADSL ilifanya kazi kilomita kadhaa kutoka kituoni. VDSL2, ya mwaka 2006, ilitaka kilomita moja au pungufu, kwa hiyo fiba ikaletwa hadi kwenye kabati la mtaani. G.fast, iliyokubaliwa mwaka 2014, ilianza na masafa hadi megahezi 106 na inataka mita mia moja au mbili tu. Swisscom ya Uswisi ilianza kuiuza mwaka 2016, ikipeleka fiba hadi mita 200 hivi kutoka kwenye jengo, ndani ya shimo la barabarani ambako mafundi wa shaba walikuwa wakiunga nyaya. Mtaro mrefu umeshachimbwa, fiba imo shimoni, na kati yake na sebule kuna urefu wa shaba ambao fundi angeuvuta kwa asubuhi moja.