Biashara Inayosimama Juu ya Damu ya Mbuzi

Watafiti wa kinga ya mwili hununua kingamwili za aina mbili. Za kwanza, nyingi zikitokana na sungura au panya, hunasa protini inayotafutwa, ila peke yake hazionekani. Za pili huzishika zile za kwanza zikiwa zimebeba rangi inayong'aa chini ya darubini, au kimeng'enya kinachotolewa kwenye mzizi mmoja mkali wa jamii ya haradali.

Faida ya muuzaji iko hapa. Kingamwili ya kwanza hutafuta protini moja, na wateja wake huenda ni wachache. Ya pili haijali protini. Mradi ya kwanza imetoka kwa sungura, bidhaa ileile inafaa. Mbuzi hudungwa kingamwili za sungura, mwili wake unaziona ngeni na kuzipinga, kisha hutolewa damu mara kwa mara. Ana damu nyingi, na hapo sungura hamfikii. Jackson ImmunoResearch ya Pennsylvania imejijenga hasa kwa bidhaa hizi.

Lakini mfugo ni mfugo, na una sheria zake. Mwaka 2016 Santa Cruz Biotechnology ya Marekani ilikubali kulipa dola milioni 3.5 na kupoteza leseni, baada ya Wizara ya Kilimo kuituhumu kwa kutotunza wanyama wake ipasavyo. Haikukiri wala kukana. Siku hizi kampuni hiyo inauza protini zinazoshika kingamwili za panya, mbadala wa zile za mbuzi.

Tishio kubwa zaidi linatoka kwa jamaa wa ngamia, ambao baadhi ya kingamwili zao ni sahili mno. Kipande kidogo cha kingamwili hizo, nanobodi, huzalishwa na bakteria. Mwaka 2018 watafiti wa Göttingen, Ujerumani, walichapisha nanobodi za alpaka zinazofanya kazi ya kingamwili za pili. Jeni ikishajulikana, mnyama hahitajiki tena, na chupa ya mwakani itafanana na ya leo. Damu ya mbuzi haitoi ahadi hiyo.

Hata hivyo sioni mbuzi akistaafu karibuni. Kingamwili zake hung'ang'ania sehemu nyingi kwa pamoja na mwanga huongezeka; nanobodi moja hushika sehemu moja tu, hivyo hulazimu kuchanganya kadhaa. Na mtafiti ambaye majaribio yake yanakubali habadilishi chupa kwa sababu ya katalogi mpya.